Kanisa Lisilogawiwa Eneo: Wabaptisti wa Juba na Historia ya Huduma za Jamii za Makanisa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi makanisa ya mji wa Juba yalivyoishika kazi ya kuhudumia jamii, na nafasi ya Wabaptisti katika historia hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba Wabaptisti waliingia Juba bila kituo cha misheni cha zamani, bila eneo walilogawiwa na serikali ya kikoloni, na bila askofu. Kwa sababu hiyo huduma yao imejengwa juu ya ushirika wa mahali. Hali hiyo ina nguvu zake na udhaifu wake, na yafaa watunga sera waielewe kabla ya kuamua makanisa yabebeshwe mzigo gani.

1.0 Utangulizi

Katika mitaa mingi ya Juba, shule ya karibu, kisima cha karibu na mahali pa kukimbilia siku ya hatari hupatikana ndani ya uwanja wa kanisa. Jambo hili huelezwa kwa njia mbili. Wengine husema ni matunda ya upendo wa Kikristo. Wengine husema ni dalili ya udhaifu wa dola. Maelezo yote mawili yana ukweli, lakini hayatoshi, kwa kuwa hayaonyeshi ni kwa nini makanisa tofauti yanahudumu kwa namna tofauti. Tofauti hizo zina chimbuko la kihistoria.

Wabaptisti ni mfano mzuri wa kulichunguza suala hili. Mapokeo yao yana misingi miwili inayohusika hapa. Kwanza, hubatizwa mtu aliyekiri imani kwa kinywa chake mwenyewe, tena kwa kuzamishwa majini. Pili, kila ushirika hujitawala: huchagua mchungaji na mashemasi wake, humiliki mali yake, na huungana na shirika nyingine kwa hiari. Kanisa la namna hii halirithi waumini kwa kuzaliwa wala halipokei amri kutoka dayosisi. Swali la makala haya ni hili: kanisa kama hilo lilipataje nafasi katika mji ambao Ukristo wake uligawanywa kwa ramani ya serikali?

2.0 Ramani ya Maeneo ya Misheni

Ukristo wa sehemu za Juba una historia ndefu kuliko mji wenyewe. Mwaka 1853 wamisionari Wakatoliki chini ya Ignaz Knoblecher walianzisha kituo Gondokoro, kwenye ukingo wa mashariki wa Mto Nile, si mbali na ulipo mji wa sasa. Maradhi yaliwaua wengi wao, na kazi ile ikaachwa kabla ya muongo mmoja kutimia.

Uingereza na Misri zilipoanza kuitawala Sudan kwa pamoja mwaka 1899, serikali iliweka utaratibu mpya. Misheni zilizuiwa kuhubiri kati ya Waislamu wa kaskazini, na kusini ikagawanywa katika maeneo. Wapresbiteri wa Marekani walifanya kazi kandokando ya Mto Sobat, ambako walianzisha kituo cha Doleib Hill mwaka 1902. Waanglikana wa Church Missionary Society walianzia Malek, karibu na Bor, kuanzia mwaka 1905 na 1906. Wakatoliki wa shirika la Verona walipewa sehemu kubwa ya Bahr el Ghazal. Wabaptisti hawakuwamo katika mgawanyo huo.

Athari za mgawanyo zilikuwa pana kuliko dini. Kwa miongo mingi serikali iliziachia misheni karibu kazi yote ya elimu kusini, hivyo mtoto alisoma kwa misheni iliyopewa eneo lao. Mkutano wa lugha wa Rejaf, uliofanyika mwaka 1928 karibu na Juba, uliteua lugha za kufundishia, zikiwemo Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishilluk, Kilatuko na Kizande. Dhehebu, lugha na kabila vikaanza kufuatana. Mpaka leo watu husema kanisa fulani ni la watu fulani, na mara nyingi chanzo cha kauli hiyo ni mpaka uliochorwa na ofisa wa kikoloni.

3.0 Jamaa wa Karibu na Mlango Uliofungwa

Mapokeo ya kubatiza waamini yaliingia Sudan ya Kusini kabla ya jina la Baptisti kujulikana huko. Baada ya Italia kuivamia Ethiopia na kuwafukuza wamisionari, Sudan Interior Mission ilihamishia sehemu ya kazi yake katika jimbo la Upper Nile mwishoni mwa miaka ya 1930, hasa miongoni mwa Wauduk na Wamaban. Mwaka 1949 Africa Inland Mission, ambayo tayari ilikuwa imejikita Kenya, ilianza kazi mashariki mwa Equatoria, upande wa Torit. Makanisa yaliyotokana na misheni hizo hayajiiti ya Kibaptisti, ila katika ubatizo yanakaribiana sana na Wabaptisti.

Wabaptisti wa kusini mwa Marekani wao walielekea Afrika Mashariki. Mwaka 1956 walianza kazi Kenya na Tanganyika. Walipendelea kuanza na taasisi za huduma: kituo cha jamii cha Shauri Moyo jijini Nairobi, kingine Magomeni jijini Dar es Salaam, shule ya sekondari Mombasa, na hospitali ya kifua kikuu Mbeya. Taasisi ilitangulia au iliandamana na ushirika, na fedha za nje ndizo zilizoijenga.

Wakati uleule mlango wa Sudan ya Kusini ulikuwa ukifungwa. Mwaka 1957 serikali ya Khartoum ilizitwaa shule za misheni za kusini. Mwaka 1960 siku ya mapumziko ilihamishwa kutoka Jumapili hadi Ijumaa, na wanafunzi wakagoma. Sheria ya mwaka 1962 ikazibana misheni kwa leseni, na mwanzoni mwa mwaka 1964 wamisionari wote wa kigeni wakafukuzwa kusini. Kwa hiyo njia iliyotumiwa na Wabaptisti Nairobi na Mbeya haikuwezekana Juba katika miaka ambayo ingeweza kuanza.

4.0 Huduma Bila Misheni, 1964 hadi 2005

Kufukuzwa kwa wamisionari kulikusudiwa kuyadhoofisha makanisa. Lakini kulilazimisha makasisi wazawa, makatekista na walei kubeba kazi yote, wengine wakiwa msituni na wengine ukimbizini Uganda, Kongo na Kenya. Kanisa lilijifunza kuishi bila jengo wala mshahara wa uhakika.

Makanisa pia yaliingia katika upatanishi. Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Baraza la Makanisa ya Afrika Nzima yalisaidia kufanikisha Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972. Mwaka huohuo misheni za kiinjili ziliunda shirika la ACROSS ili kushughulikia ujenzi mpya wa kusini. Hapo huduma ya jamii ilianza kuvuka mipaka ya madhehebu.

Vita viliporudi mwaka 1983, Juba ulibaki mikononi mwa jeshi la serikali huku ukizingirwa, na mashambulizi ya SPLA ya mwaka 1992 yaliwaongezea wakazi mateso. Chini ya Askofu Mkuu Paulino Lukudu Loro, Kanisa Katoliki lilibaki na watu wake mjini. Mwaka 1990 liliundwa Baraza la Makanisa la Sudan Mpya kwa ajili ya maeneo yaliyoshikwa na SPLA, na mwaka 1999 baraza hilo lilisimamia mkutano wa Wunlit uliowapatanisha Wadinka na Wanuer. Ndiyo kusema, kufikia mwisho wa vita, raia wa kawaida alikuwa amezoea kuliona kanisa kama taasisi ya umma.

5.0 Ushirika wa Kibaptisti Katika Mji Uliofunguka

Mkataba wa Amani wa tarehe 9 Januari 2005 uliifungua Juba. Watu walirudi kutoka Khartoum, kambi za Uganda na Kakuma nchini Kenya. Walirudi na lugha: Kiarabu cha Juba kilibaki lugha ya mtaani, lakini Kiswahili na Kiingereza vilipata wasemaji wapya. Walirudi pia na namna za kuabudu walizozizoea ugenini. Katika mazingira hayo shirika za Kibaptisti zilipata nafasi mjini, pamoja na makanisa mengine ambayo hayakuwa na eneo la zamani.

Kukosa eneo kulikuwa na faida. Ushirika wa Kibaptisti haukudai kuwa kanisa la kabila fulani kwa urithi. Uliweza kuanzia palipo na watu, hata chini ya mti au kibanda cha mabati, na washirika wakaamua wenyewe la kufanya: darasa la kusoma na kuandika, kikundi cha wajane, au msaada kwa familia iliyofiwa. Uamuzi haukusubiri kibali cha makao makuu.

Hata hivyo, kutogawiwa eneo si kinga dhidi ya ukabila. Watu waliokimbilia kambi moja hurudi pamoja na kuabudu pamoja, na ushirika unaojitawala unaweza kujifungia katika lugha moja bila mtu wa juu wa kuukemea. Vilevile huduma inayotegemea nguvu za washirika hudhoofika washirika wanapohama. Kumbukumbu nazo hubaki katika daftari la katibu au kichwani mwa mzee mmoja. Dayosisi huwa na ofisi ya kuzihifadhi, ushirika hauna.

Mapigano ya Desemba 2013 na Julai 2016 yalizipima taasisi zote. Viwanja vya makanisa vilijaa wakimbizi wa ndani: katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa huko Kator, katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote la Waanglikana, na kwa Wasalesiani wa Don Bosco huko Gumbo. Makanisa yenye ardhi kubwa, ambayo kwa kawaida ni yale ya zamani, ndiyo yaliyoweza kuwapokea watu kwa maelfu. Kanisa dogo la mtaani halikuwa na uwanja wa kiasi hicho, na mara nyingi washirika wake walikuwa miongoni mwa waliokimbia. Hapa ndipo urithi wa ramani ya kikoloni unapoonekana wazi zaidi: ardhi ya misheni ya jana imekuwa hifadhi ya leo.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia hii inatoa mafunzo matatu kwa washauri wa sera. Kwanza, neno “makanisa” lisichukuliwe kama jina la kitu kimoja. Dayosisi yenye ardhi, shule na ofisi ya maendeleo haiwezi kupangiwa kazi sawa na ushirika wa watu mia moja. La kwanza lafaa kwa hifadhi na huduma kubwa. La pili lafaa kwa kazi za ujirani, ambako kujuana ndiko mtaji.

Pili, sheria ya mwaka 2016 ya mashirika yasiyo ya kiserikali imeweka masharti ya usajili na taarifa. Masharti hayo yana maana kwa mashirika yenye waajiriwa na bajeti. Kikundi cha wajane cha ushirika kikilazimishwa kujigeuza shirika ili kitambuliwe, kitapata karatasi na kupoteza wepesi wake. Ni bora serikali za mitaa zizitambue huduma hizi kwa orodha rahisi.

Tatu, kumbukumbu zihifadhiwe sasa. Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, vyuo vikuu vya ukanda huu vina sababu na njia ya kushirikiana na wenzao wa Juba. Mahojiano na wazee wa makanisa yakifanywa kwa Kiarabu cha Juba, Kibari na Kiswahili, yataokoa sehemu ya historia ambayo haimo katika nyaraka za misheni. Ni historia ya watu waliorejea nyumbani baada ya vita. Sera isiyowaona watu hao itakuwa bado inatumia ramani ya maeneo ya wakoloni.