Kuacha sigara: hamu ikikubana ufanye nini?

Mama, hamu ya sigara haikai. Huja kwa nguvu, huchukua dakika chache, kisha hulegea hata usipovuta. Siku 3 za kwanza ndizo ngumu: hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu. Baada ya wiki 3 au 4 hali hutulia.

Hapa Buguruni sigara hununuliwa moja moja, hivyo kutupa pakiti hakutoshi. Usitembee na chenji zaidi ya nauli. Hamu ikija, kunywa maji polepole, tafuna karanga au tango, piga mswaki. Aliyewahi kufunga Ramadhani anajua mwili unaweza kushinda mchana kutwa bila moshi. Kama unavuta kwa kujificha, mwambie hata mtu mmoja unayemwamini.

Unanyonyesha na bado hujaweza kuacha? Usimwachishe mtoto ziwa. Nikotini huingia kwenye maziwa, lakini maziwa yako bado ndiyo bora kwake. Vuta baada ya kunyonyesha, si kabla. Vutia nje kabisa, na ubadili kanga kabla ya kumpakata. Kufungua dirisha la chumba hakuondoi moshi wote. Mtoto akipumua harakaharaka au kifua kikibonyea, mpeleke kituo cha afya mara moja.