Kibarua na Diploma katika Bonde la Ruzizi

Ukitoka Uvira kwenda Bukavu kwa barabara ya bondeni, utapita Kiliba na Sange, na kabla ya Luvungi utafika Bwegera. Fika asubuhi mapema. Utakutana na vijana wenye majembe mabegani, wanakwenda kulima shamba la mtu mwingine kwa malipo ya siku. Kati yao wamo wenye diploma ya Serikali. Wazee huuliza: Je, mtoto asome miaka kumi na miwili, kisha alime bega kwa bega na yule asiyejua kusoma? Swali lao si la leo tu. Mizizi yake iko mbali.

Tuanze na neno lenyewe. Kibarua maana yake ni barua ndogo. Zamani, kule Unguja na pwani, mtu wa kazi ya siku alipewa kikaratasi kilichoshuhudia kwamba amefanya kazi, na kwa kikaratasi hicho alipata ujira wake. Wengi wao walikuwa watumwa, nao iliwapasa kugawana ujira na bwana zao. Baadaye jina likatoka kwenye karatasi, likahamia kwenye kazi, kisha kwa mtu mwenyewe. Lugha yetu ikalibeba mpaka huku kwenye ziwa.

Huku Kongo mambo ya shule yalikwenda kwa njia yake. Tarehe 26 Mei 1906 Baba Mtakatifu na Dola Huru la Kongo walipatana: misioni zipewe ardhi, nazo zifungue shule zitakazofundisha pia kilimo na kazi za mikono. Mwaka 1929 ukatolewa mpango kamili kwa shule za misioni zilizosaidiwa fedha na Serikali: miaka miwili ya daraja la kwanza, mitatu ya daraja la pili, na kwa wachache miaka mitatu zaidi katika shule za makarani, walimu au mafundi. Mlango ulikuwa mwembamba sana, na wasichana wengi walibaki nje. Lakini aliyeupita alijua anakokwenda, ikiwa ofisini, darasani au karakanani. Tusiusifu mno mpango huo. Nafasi zilihesabiwa kwa kadiri ya haja za wakoloni. Vijana wenyewe hawakuulizwa.

Na wale waliobaki nje? Wako walioandikwa kwenda migodini, mbali na kwao. Njia ya kwenda Katanga ilikuwa kushuka kwa meli mpaka Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, na kutoka huko kupanda gari la moshi, maana reli ya Kabalo ilikamilika mwaka 1915. Amri ya tarehe 16 Machi 1922 iliruhusu mkataba wa mpaka miaka mitatu, na mfanyakazi aliyetoroka aliweza kufungwa. Waliobaki nyumbani walikutana na kilimo cha lazima, na pamba hasa. Amri ya mwaka 1933 ilidai siku 60 kwa mwaka. Vita vya dunia vilipokuja, mwaka 1942 zikapandishwa zikawa 120.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye kiini cha swali la wazee. Watu wa bonde hawakulidharau jembe, kwa kuwa liliwalisha tangu babu zao. Walichokichukia ni jembe la kulazimishwa. Baba aliyelima pamba asiyoipenda alimtuma mwanawe shuleni ili aokoke. Basi mwana akirudi na diploma mkononi na jembe begani, baba haoni kazi ya siku moja tu. Anaona ule utumwa wake wa zamani umerudi.

Katika miaka ya 1950 likaja shamba kubwa la miwa pale Kiliba, na kiwanda cha sukari. Miwa ina msimu wake, na wakatao miwa huitwa kwa msimu. Lakini mahali palipo na kiwanda, kijana wa msimu huweza kutumaini kwamba siku moja jina lake litaandikwa kitabuni. Vita vya mwaka 1996 vikaja, kiwanda kikasimama.

Na ajabu ni hii: kazi zilipokuwa zinafunga, shule zilikuwa zinafungua. Mtihani wa Serikali ulianza mwaka 1967, na wenye diploma wakaongezeka mwaka hata mwaka. Mwezi Septemba 2019 shule za msingi za Serikali zikatangazwa kuwa bila malipo. Hata ualimu, ile njia ya zamani iliyonyoka, ukapinda. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba mzigo wa kuwalipa walimu, na mpaka miaka hii mwalimu mpya aweza kungoja muda mrefu kabla Serikali haijamtia katika orodha ya mishahara. Nawe utasema nini juu ya mtu huyo, kama si kibarua wa chaki?

Sheria ipo. Ile ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 yasema kwamba kibarua aliyekwisha fanya siku 22 katika miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, ahesabiwe kuwa ameajiriwa bila kikomo. Ni maneno mazuri. Simlaumu mkulima mdogo wa mpunga asiyeweza kuyatimiza, maana naye hana fedha mpaka avune. Lakini wako wenye malori na vitabu vya hesabu, wanaowaita vijana walewale mwezi baada ya mwezi. Hao wanajua kuhesabu.

Lakini siku hizo 22 zitathibitishwa na nini? Sheria hiyohiyo yaagiza mkataba wa kazi uandikwe, na usipoandikwa, udhaniwe kuwa hauna kikomo. Kisha yaongeza kwamba agizo hilo halimhusu anayeajiriwa siku kwa siku. Hivyo kijana wa Bwegera hupewa fedha zake jioni, au unga wa muhogo, akarudi nyumbani bila hata ile barua ndogo iliyompa jina lake.