Jina la Nyumbani na Jina la Ubatizo

Katika historia ya Ukristo mkoani Mara, ni mambo machache yaliyogusa kila nyumba kama jina la mtu. Kabla mwenendo wake haujajulikana, jina lake limekwisha kusikika, na wasikiaji wamekwisha kumpima. Mwenye jina la Biblia au la Kizungu alidhaniwa kuwa msomi na muumini. Aliyebaki na jina la babu yake peke yake aliweza kuhesabiwa mshenzi, hata kama maisha yake yalikuwa safi.

Wazee hawakutoa majina ovyo. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua aliitwa Wambura. Kwa Wajaluo aliitwa Okoth au Akoth, na aliyezaliwa usiku Otieno au Atieno. Majina mengine yaliwakumbuka waliokwisha kufa. Hapo ndipo palipozuka ugumu, maana wahubiri wengi waliogopa kwamba kulitunza jina la marehemu ni kuitunza mizimu.

Mfano ulio wazi ni wa Butiama. Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki alipewa jina la viwavi, kwa kuwa alizaliwa wakati wa baa la viwavi. Mwanawe, aliyezaliwa tarehe 13 Aprili 1922, aliitwa kwanza Mugendi, kisha Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Mwaka 1934 aliingia shule ya Mwisenge, mjini Musoma, akiitwa Kambarage. Tarehe 23 Desemba 1943, akiwa mwanafunzi wa Makerere, alibatizwa Nyegina katika Kanisa Katoliki, akaitwa Julius. Sheria ya Kanisa hilo ya mwaka 1917 iliwaagiza mapadre wahakikishe kwamba mbatizwa anapewa jina la Kikristo. Wazazi wasipokubali, padre aliongeza jina la mtakatifu.

Hata hivyo Kambarage halikufutwa. Leo Mtanzania alisikiapo hakumbuki mzimu, bali humkumbuka Mwalimu aliyeng'atuka urais mwaka 1985. Uwanja wa michezo wa Shinyanga unaitwa Kambarage. Na Nyerere, jina la wadudu walao mazao, wazazi wengi wamewapa watoto wao kwa fahari. Herufi hazikubadilika, kilichobadilika ni kumbukumbu ya watu juu ya aliyelichukua jina hilo.

Maandiko yanashuhudia vivyo hivyo. Simoni aliitwa Kefa, lakini Epafrodito, ambaye jina lake limetokana na mungu wa kike wa Wayunani, hakubadilishwa jina. Mtume Paulo alimwita ndugu na mtenda kazi pamoja naye (Wafilipi 2:25). Martin Luther naye alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake, sikukuu ya Mtakatifu Martin, na ndiyo sababu ya jina lake. Jina la ukoo lilikuwa Luder. Mwaka 1517 alianza kuandika Luther, akilihusisha na neno la Kiyunani lenye maana ya mtu huru.

Walutheri wa kaskazini mwa Tanzania walipata njia yao. Waliunganisha Eli, neno la Kiebrania la Mungu, na lugha za nyumbani, wakapata majina kama Aikaeli, yaani shukrani kwa Mungu, na Elibariki. Hayakuwa majina ya Kizungu, wala hakuna aliyeweza kuyaita ya kishenzi. Lakini nayo yalizaa dhana yake: asikiaye Elibariki hukisia mara moja kabila na dhehebu, kabla hajamwuliza mtu neno.

Upande wa pili upo mzigo wa kweli. Mtoto aitwaye Tabu, Shida au Masumbuko hubeba huzuni ya siku ambayo hakuiona, na wenzake shuleni humtania kwayo. Mzazi hana budi kufikiri kabla ya kulitamka jina ambalo mwingine ataishi nalo.

Hata hivyo, penye kisima cha ubatizo Kanisa halimbatizi mtu kwa nguvu ya jina lake. Wambura na Petro, Tabu na Neema, wote hubatizwa kwa jina moja: la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Usharika unaolikumbuka hilo hautamdharau mtu kwa jina aliloitwa na mama yake.