Mwingiliano wa Dawa na Virutubishi: Kisukari na Vitamini D

Mwingiliano wa dawa na virutubishi ni hali ambapo dawa hubadili namna mwili unavyofyonza, kutengeneza, kutumia au kutoa kirutubishi, au kirutubishi hubadili utendaji wa dawa. Istilahi imetokana na kitenzi kuingiliana, chenye kiambishi -an- cha kutendana, hivyo jina lenyewe linabeba pande zote mbili. Ni bora kuliko "madhara ya dawa", ambayo humtia mgonjwa hofu na pengine kumfanya aache vidonge anavyovihitaji.

Ubora huo una uzito katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi, iliyofunguliwa mwaka 1994. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi wa huko, na hata waliowahi kuhamia mitaa ya Lilongwe. Kisukari wao hukiita ugonjwa wa sukari. Jirani Mmalawi husema matenda a shuga.

Mfano ulio wazi zaidi wa mwingiliano ni metformini, dawa ya kisukari. Dawa hii hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12 mwishoni mwa utumbo mwembamba, hasa ikitumiwa kwa miaka mingi. Upungufu huo huleta ganzi na kuchoma miguuni, dalili zilezile za mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari, kwa hiyo ni rahisi usitambuliwe.

Vitamini D haipiti njia hiyo. Sehemu kubwa hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Ini huigeuza kuwa kalsidioli, ambayo ndiyo hupimwa katika damu, kisha figo huigeuza kuwa kalsitrioli, umbo linalofanya kazi. Tafiti hazijaonyesha kwa uthabiti kwamba metformini huishusha. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi wa kisukari wana kiwango kidogo, lakini unene wa mwili, ugonjwa wa figo na kukaa ndani mchana kutwa vinatosha kueleza mengi. Kuilaumu dawa kwa sababu tu upungufu umeonekana kwa anayeimeza ni kosa.

Dawa nyingine zina kisa tofauti. Kanagliflozini, dawa ya kisukari, hufanya figo zibakize fosfati zaidi. Mifupa hujibu kwa kutoa homoni iitwayo FGF23, na homoni hiyo hushusha kalsitrioli. Hilo lilionekana kwa watu wenye afya katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Orlistati, dawa ya kupunguza uzito ambayo baadhi ya wagonjwa wa kisukari hupewa, huzuia ufyonzwaji wa mafuta, na vitamini D huyeyuka katika mafuta.

Kwa kliniki za Afrika, dawa ya kuangaliwa zaidi si ya kisukari bali rifampisini ya kifua kikuu, ugonjwa unaowapata wenye kisukari mara nyingi kuliko wengine. Rifampisini huchochea vimeng'enya vya ini, navyo huvunja vitamini D haraka. Vimeng'enya hivyo huvunja pia glibenklamidi, dawa ya kisukari, na sukari ya mgonjwa ikapanda ingawa hajaruka kidonge hata kimoja.