Njia ya Kibo Wakati wa Kiangazi na Vuli



Kamati ya umoja wetu imepokea ombi la wanafunzi wa kidato cha tano wanaotaka kusaidiwa kupanda Mlima Kilimanjaro katika likizo ya Desemba. Baadhi yetu wameliunga mkono papo hapo, na wengine wamesita kwa sababu ya fedha. Juu ya fedha sina la kusema, hilo ni la mweka hazina. Neno langu ni juu ya mwezi waliouchagua. Kwa miaka mingi, katika saa chache ambazo kazi ya serikali huniachia, nimekuwa nikisoma habari za watu waliopanda mlima huu, na kadiri nisomavyo ndivyo ninavyozidi kuona kuwa historia ya kupanda Kibo, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kuchagua majira.

Vijana wetu wanayajua majira kutoka vitabu vya jiografia, lakini mlimani majira hayaonekani kwa kalenda, huonekana kwa miguu. Masika huanza Machi na kwisha Mei. Kuanzia Juni mpaka mwanzoni mwa Oktoba ni kipupwe na kiangazi. Novemba na Desemba ni vuli, na Januari na Februari tunarudia ukavu pamoja na upepo wa kaskazi. Hayo ni ya nchi ya chini. Mlima una mambo yake. Katika msitu wa upande wa kusini hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ambapo kileleni, penye urefu wa meta 5,895, mvua na theluji zikijumlishwa hazifiki hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Basi mtu anayetoka Marangu asubuhi hutembea katika matope, na siku ya tatu yake hutembea katika jangwa. Njia ni moja, lakini hali zake ni tatu au nne, na kila moja hubadilika na mwezi.

Wachaga walilijua jambo hilo kabla ya mgeni yeyote kufika. Johannes Rebmann alipouona mlima tarehe 11 Mei 1848, aliyekuwa akimwongoza njia aliuita ule weupe kwa neno moja tu, baridi. Wanajiografia wa London walimbishia Rebmann kwa miaka mingi, wakidai theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Lakini Rebmann alikuwa amesimuliwa habari za watu waliotumwa juu na mtawala wao kuutazama ule weupe uliodhaniwa kuwa fedha, ambao wengi wao hawakurudi, na aliyerudi alikuwa ameharibika mikono na miguu kwa baridi. Mimi huiona habari hiyo kuwa taarifa ya kwanza ya hali ya njia ya Kibo, na haikuandikwa na mzungu.

Baada ya hapo walikuja wapandaji. Karl Klaus von der Decken alijaribu mwaka 1861, mvua ikamrudisha akiwa bado chini. Alirudi mwishoni mwa mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, yaani katika vuli, wakafika karibu meta 4,300 na kuangukiwa na theluji. Charles New, mmisionari, yeye alikwenda Agosti 1871, katika kiangazi, na akaigusa theluji kwa mkono wake. Sisemi kwamba tofauti yao ilikuwa ni mwezi peke yake, maana wenyeji waliomfuata New walirudi mmoja mmoja kwa baridi. Lakini atakayeziweka tarehe hizo kwenye karatasi moja ataona zinavyosema.

Anayestahili kutazamwa kwa makini zaidi ni Hans Meyer wa Leipzig. Mwaka 1887 alifika kwenye ukuta wa barafu na kurudi, kwa kuwa hakuwa na vyombo vya kukatia njia. Mwaka 1888 hakufika hata mlimani, kwani alikamatwa katika vita vya Abushiri huku pwani. Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, na safari hii alikuja na mpango. Alijua kuwa watu hushindwa kwa njaa kabla ya kushindwa na barafu. Kwa hiyo aliweka kambi za ngazi, na kila baada ya siku chache watu wakapanda na chakula kutoka Marangu kwa Mangi Marealle. Katika kambi ya juu, penye meta 4,300 hivi, alibaki mtu mmoja wa Pangani aliyeitwa Mwini Amani, akilinda mahema na kupika, wakati Wazungu wawili wakiparamia barafu. Mtu wa pwani, aliyezoea minazi na joto la bahari, alikaa mahali maji yanapoganda usiku. Nakiri kuwa kila niisomapo habari hiyo humfikiria yeye kuliko Meyer.

Walichagua mwanzo wa Oktoba, ukingoni mwa kiangazi, vuli ikiwa bado haijaanza sawasawa. Tarehe 3 walikata vidato katika barafu kwa shoka, kimoja kimoja, wakafika ukingo wa shimo la volkano alasiri. Wakaona kilele bado kiko mbali, upande wa kusini, na wao wamechoka. Wakarudi. Tarehe 6 wakaondoka usiku wa manane, na vile vidato vya siku tatu nyuma wakavikuta vingali vinafaa. Saa nne na nusu asubuhi walikuwa kileleni. Siku hiyo Purtscheller alikuwa anatimiza miaka 40, jambo ambalo sisi tuliopita umri huo tunaweza kulitafakari kwa faida yetu.

Hapo ndipo nataka vijana waangalie. Laiti theluji nzito ya vuli ingaliangusha mzigo wake katika zile siku tatu, vidato vingalifunikwa, na kazi ya tarehe 3 ingalipotea bure. Ukavu wa majira ndio uliomhifadhia Meyer njia yake. Fritz Klute na Eduard Oehler nao, waliokuwa wa kwanza kufika juu ya Mawenzi, walifanya hivyo Julai 1912, katikati ya kiangazi.

Baadaye njia ilianza kuwa njia. Vibanda viwili vya chini vilijengwa wakati wa Wajerumani, na cha Kibo mwaka 1932 wakati wa Waingereza. Vile viwili sasa vina majina ya watawala wa Kichaga, Mandara na Horombo, na ni vizuri vijana waulize hao walikuwa nani kabla ya kulala humo. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977.

Lakini kuna safari moja ya vuli ambayo hakuna Mtanzania anayeweza kuipuuza, na najua vijana wataitaja kunijibu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge juu ya Kibo, na kilele ambacho Meyer alikipa jina la Kaizari wake kikaitwa Uhuru. Desemba! Tena vuli ya mwaka ule haikuwa vuli ya kawaida. Mvua za mwisho wa 1961 zilikuwa kubwa kupita kiasi katika Afrika Mashariki nzima, hata maji ya Ziwa Viktoria yakapanda kwa kiwango kisichosahaulika. Wenzangu wa rika langu, mnaokumbuka mvua za El Nino za mwaka 1997 zilivyokata barabara tukiwa bado na sare za shule, mnaweza kupata picha. Nyirenda alikwenda kwa sababu Uhuru ulikuwa na tarehe yake, wala tarehe hiyo haikuweza kungoja kiangazi. Naye alikuwa askari, aliyefunzwa kazi za shida. Safari ya shule haina tarehe ya namna hiyo.

Sasa tuje kwenye njia ya leo, maana si ile ya Meyer. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikadiriwa kufikia kilomita za mraba 12 hivi. Miaka mia moja baadaye ilikuwa chini ya 2. Wataalamu wanaeleza kuwa hewa ya nchi zetu ilianza kukauka mwishoni mwa karne ya 19, theluji ya kuilisha barafu ikapungua, na ongezeko la joto la dunia limezidisha hasara. Mtu wa leo anayekwenda kwa njia ya Marangu hufika ukingo wa volkano, mahali paitwapo Gillman's Point, bila kukanyaga barafu hata hatua moja katika kiangazi. Pale Meyer alipokata vidato pana mawe.

Wengine hudhani kuwa kuondoka kwa barafu kumerahisisha njia. Si kweli kabisa. Mteremko wa mwisho, kuanzia kibanda cha Kibo penye meta 4,700 na ushei, umejaa changarawe na mchanga wa volkano, na kila hatua mbili hurudisha moja. Ndiyo sababu waongoza njia huwaamsha watu katikati ya usiku. Si kwa ajili ya kuona jua likichomoza tu, kama wageni wanavyoambiwa, bali changarawe iliyoganda kwa baridi hushikamana na kubeba mguu, na jua likiisha kuipasha hulegea. Tena mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu huachiwa. Januari 2006, katika njia ya magharibi iitwayo Western Breach, mawe yaliporomoka na kuwaua wapandaji watatu kutoka Marekani, na njia hiyo ikafungwa kwa muda.

Kiangazi nacho kina ubaya wake. Vumbi la ile tandiko kati ya Mawenzi na Kibo huingia mpaka kwenye meno. Baridi ya Juni na Julai ni kali zaidi kuliko ya Desemba, na mwezi wa Juni matope ya masika yanakuwa bado hayajakauka msituni. Na kiangazi kikirefuka, vichaka vya juu ya msitu hukauka kama karatasi. Oktoba 2020 moto uliteketeza karibu kilomita za mraba 95, na Oktoba 2022 moto ukazuka tena. Hata hivyo vumbi na baridi kavu mtu hujikinga nazo kwa kitambaa na sweta. Katika vuli mvua humlowesha mpandaji siku ya kwanza msituni, nguo hazikauki Mandara, hazikauki Horombo, naye hufika meta 4,700 akiwa na unyevu mwilini penye baridi ya chini ya sifuri. Juu, theluji mpya hufunika njia, na ukungu humficha anayekutangulia hatua kumi. Nimepanda mara moja Julai na mara moja Desemba. Desemba soksi zangu za pili zilikuwa zimeloa kabla ya kuzivaa.

Na hapo nilipokuwa na soksi za pili, mpagazi aliyebeba mfuko wangu hakuwa nazo. Kila mpandaji huhitaji wapagazi wawili au watatu. Sheria ya hifadhi inaweka mzigo wa mpagazi kuwa kilo 20, lakini hema lililoloa huzidi uzito wa hema kavu, na hakuna anayelipima tena njiani. Vijana 30 wa shule yetu maana yake ni watu 60 au 90 wengine juu ya mlima, na kwao hali ya njia ni mshahara na afya. Tukiwachagulia vijana wetu vuli, tumewachagulia na hao.

Kwa hiyo nimependekeza kwa kamati kwamba safari isogezwe mpaka juma la mwisho la likizo ya Juni, msitu ukiwa umeanza kukauka na anga ya juu ikiwa safi. Ziwekwe siku sita badala ya tano, ili iongezwe siku moja ya kupumzika Horombo, mwili uzoee hewa nyepesi. Kila kijana apimwe na daktari kwanza. Fedha zitakazochangwa zinunue kwanza makoti ya mvua na viatu, ndipo fulana zenye nembo ya shule, ambazo naona zimekwisha kuchorwa. Na katika mkataba wetu na kampuni itakayotupeleka uandikwe mshahara wa wapagazi, mlo wao na mahali pao pa kulala. Orodha ya vifaa na makisio ya bei nimemkabidhi katibu. Kamati itakutana mwezi ujao, na wanafunzi wawili wa kidato cha tano wamealikwa kuja kujibu hoja hizi.