Mgeni na Mwenyeji wa Pangani



Shuleni tulifundishwa historia ya pwani kwa majina ya masultani na miaka ya vita. Leo napenda kuieleza kwa kutazama mlango wa nyumba: nani alikaribishwa, na kwa masharti gani.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu, kabla ya kuteremka Mombasa na Kilwa. Aliandika kwamba chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua, kila mmoja na sinia la chakula lililofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alilala kwa mwenyeji huyo, ambaye alimuuzia na kumnunulia bidhaa. Aliyempunja mgeni, biashara yake ilihesabiwa batili. Hapakuwa na hoteli. Palikuwa na dhamana.

Niliikumbuka habari hiyo nilipokaa siku nne katika nyumba ya wageni ya jamaa mmoja, mashambani, karibu na Pangani. Baba huangalia minazi, mama jiko, na watoto vyumba. Chumba nilikilipia, lakini kabla ya kuonyeshwa kitanda niliulizwa kwetu ni wapi na nyumbani nimewaachaje. Jioni, baada ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, mzee alinieleza habari za Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Kesho yake kijana wake alinipeleka mjini.

Pangani ilikuwa mwisho wa misafara ya kutoka bara, iliyoleta pembe za ndovu na watumwa. Lazima tuseme kweli: aliyeletwa kwa minyororo hakupewa sinia. Wengi waliishia kulima miwa katika mashamba ya kando ya mto.

Agosti 1888 Emil von Zelewski, wakala wa kampuni ya Wajerumani iliyokodishiwa pwani na Sultani Khalifa, alipandisha bendera ya kampuni hapo Pangani. Mgeni sasa alitaka ufunguo wa nyumba. Wenyeji walikataa, wakapigana. Kiongozi wao, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kisha reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ikavuta biashara huko, na Pangani ikapoa.

Majumba mengi ya mawe yamechakaa, na wazee wanaojua yalikuwa ya nani wanapungua. Kwa hiyo nawasihi vijana wetu: mkisafiri wakati wa likizo, laleni katika nyumba za namna hii, muulize, muandike. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la mwanafunzi ni kalamu.