Piano Iliyoshuka Senti 25

Kaseti ya babu ni ya dakika 60, lakini muziki wenyewe haufiki dakika 20. Kwingine kote ni vikohozi, mabenchi yanayoburuzwa, na mtu anayewakumbusha waumini michango ya mabati. Babu anapiga piano ya kanisani kwetu, milimani Usambara, mwaka 1994. Ilikuwa piano ya wima iliyoachwa na wamisionari. Leo haipo. Mchwa waliitafuna kwa ndani kimyakimya, na siku watu walipotaka kuisogeza ikamomonyoka mikononi mwao. Babu naye alifariki nikiwa kidato cha pili.

Mwaka jana shangazi alinipigia simu. Familia ilikuwa ikiandaa ibada ya kumbukumbu. "Wewe mwanangu ndiye unayejua mambo ya kompyuta," alisema. "Hiyo kaseti inakwaruza mno. Hebu zipige upya zile nyimbo, lakini zisikike kama kinanda cha baba."

Ombi hilo lilinikaa vibaya. Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na miongoni mwa mambo ya kwanza tuliyofundishwa ni kutoongeza wino wetu kwenye waraka wa zamani. Lakini shangazi ni shangazi. Nikakubali.

Yeye huita piano kinanda, kama alivyoita babu. Pwani, zamani, kinanda kilikuwa ala ya nyuzi za kukwanyua, jamaa ya gambusi. Wageni walipoleta ala zao, zikapewa jina lililokuwapo. Ila piano haikwanyuliwi, bali nyuzi zake hupigwa na nyundo ndogo. Mwitaliano Bartolomeo Cristofori, fundi wa familia ya Medici huko Florence, alikuwa ameshaunda ala ya namna hiyo kufikia mwaka 1700, maana imo katika orodha ya mali ya familia hiyo. Kabla yake, ala kubwa za vibonye zilizokwanyua nyuzi zilitoa sauti ileile, ubonyeze kwa upole au kwa hasira. Kwa nyundo, uzito wa mkono ulianza kusikika. Hata jina piano ni kifupisho cha maneno ya Kiitaliano yenye maana ya "kwa upole na kwa nguvu".

Karibu miaka 300 baadaye, uzito huo wa mkono uligeuzwa kuwa namba. Mwaka 1983 kampuni za ala za elektroniki zilianza kutumia lugha ya pamoja iitwayo MIDI. Ukibonyeza kibonye, kompyuta hupokea jina la noti pamoja na namba kati ya 1 na 127 inayoeleza kasi ya kibonye kushuka. Mwaka 1984 Ray Kurzweil, aliyekuwa amechochewa na mazungumzo yake na Stevie Wonder, alitoa kinanda cha elektroniki, Kurzweil 250, kilichotumia sauti za ala halisi zilizohifadhiwa ndani yake. Sauti hizo huitwa sampuli. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali wakati ule, kwa hiyo sampuli zilikatwa fupi na mkia wake kuzungushwa. Mwaka 1998 programu ya GigaSampler ilianza kuzisoma moja kwa moja kutoka kwenye diski, na noti ikaweza kuachwa ife yenyewe, kama inavyokufa kwenye piano ya kweli.

Mimi nilitumia Salamander, piano ya bure iliyorekodiwa na Alexander Holm kutoka kwenye Yamaha C5. Hakurekodi kila kibonye. Alichukua kimoja katika kila vitatu, lakini kila kimoja alikirekodi kwa ngazi 16 za nguvu. Vibonye 30 mara ngazi 16 ni sampuli 480, bila kuhesabu sauti za nyundo kurudi na za pedali. Programu hujaza mapengo kwa kupandisha au kushusha sampuli ya jirani. Kinachoonekana kwenye skrini kama piano moja ni kabati la nyaraka, na kila nyaraka ni tukio lililotokea mara moja chumbani. Maelekezo ya kabati hilo yamo katika faili la SFZ, ambalo ni maandishi matupu. Unaweza kulifungua kwa Notepad na kubadilisha namba.

Nikaanza na utuni. La ya kaseti niliipima, ikawa mitetemo 425 kwa sekunde. Mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939 ulipendekeza iwe 440. Nusu toni hugawanywa katika senti 100, kama shilingi, na kwa hesabu hiyo babu alikuwa chini kwa senti 60. Lakini ni piano iliyoshuka, au ni kaseti inayozunguka polepole? Jibu lilikuwa kwenye kelele ambazo shangazi alitaka nizifute. Chini ya muziki kulikuwa na mvumo wa umeme kutoka kwenye spika za kanisa. Umeme wa Tanzania hutetema mara 50 kwa sekunde, lakini kwenye kaseti mvumo ulikuwa 49. Tofauti hiyo ni senti 35. Umeme wetu nao hupanda na kushuka, kwa hiyo siwezi kuapa, ila kwa makadirio piano yenyewe ilikuwa imeshuka senti 25. Nikaandika hivyo kwenye faili, kisha nikapotosha kidogo noti tatu za juu ambazo kwenye kaseti zinalia kama kopo.

Nikapiga nyimbo nne kwa kibodi yangu ya mitumba, nikifuata kaseti noti kwa noti. Hata nguvu nilijitahidi kuifuata. Babu alisikika akipiga kwa nguvu iliyo sawa mwanzo hadi mwisho, nami nikapiga hivyo.

Bibi alisikiliza kwenye simu yangu, macho kafumba. "Kinanda ndicho," alisema. "Ila huyo anayepiga ana mkono mzito. Babu yako alikuwa akikigusa kama anayeokota mayai."

Nikamwambia kaseti haisemi hivyo. Akacheka. Akanieleza kuwa babu alijifunza akiwa kijana wa kufagia kanisa, usiku, bila ruhusa. Alipiga kwa upole ili nyumba ya mmisionari isisikie. Baadaye alipewa funguo na kuitwa mwalimu, lakini mkono ulikuwa umeshazoea.

Usiku ule niliona kosa langu. Redio kaseti nyingi za aina ile hujirekebisha zenyewe wakati wa kurekodi: sauti ndogo huivuta juu, kubwa huishusha. Mashine ilikuwa imesawazisha upole wa babu, nami nikauchukulia usawa wa mashine kuwa tabia yake. Piano niliipima kwa senti, mpigaji sikumuuliza mtu.

Kupunguza sauti tu kusingetosha. Nyundo ikigonga taratibu, uzi hutoa sauti ya mviringo, isiyo na makali, na hiyo imo katika sampuli za ngazi za chini. Ilibidi nibadilishe namna kibodi inavyopima mkono wangu, ili noti nyingi ziangukie kati ya 30 na 60, halafu ndipo nipandishe sauti ya jumla. Nikapiga upya zote nne. Mara hii bibi hakusema neno. Aliomba tu nirudie wimbo wa pili.

Siku ya ibada nilimpa mshereheshaji flashi yenye nyimbo hizo. Nilikuwa nimemwambia kwamba ni mimi niliyepiga. Akasimama akasema, "Sasa tumsikilize mwalimu wetu mwenyewe." Wazee wawili wa kwaya wakaanza kulia kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Nilikaa kwenye benchi nikiwa na neno mdomoni, nikalimeza.

Wiki iliyofuata nilipakia kila kitu kwenye folda ya familia: kaseti nzima, pamoja na vikohozi vyake na michango ya mabati, nyimbo zangu nne, na ukurasa mmoja wa maelezo. Nimeandika senti 25 zilipotoka, nimeandika habari ya mayai na nani aliyeisema. Mstari wa kwanza unasema: aliyepiga hapa ni mjukuu. Mpaka leo sijui kama shangazi ameufungua ukurasa huo. Nyimbo ameshazisambaza kwa ukoo mzima, zikiwa na picha ya babu.